Kuwahi Alasiri

Maharagwe hayaivi kule juu. Hilo ndilo jambo la kwanza mlima ulinifundisha. Maji yanachemka upesi na kutoa mapovu kwa fujo, lakini moto wake ni wa uongo. Chai ikitoka jikoni unaweza kuinywa papo hapo na ulimi usiungue. Mpishi wetu aliloweka maharagwe usiku kucha, akayainjika alfajiri, na jioni ukiyatafuna bado yalikuwa yanagonga meno. "Huu mlima una kiburi," alikuwa akisema huku akipuliza kuni zilizolowa. "Kwetu Makina hata mtoto anajua kupika maharagwe."

Loji ilikuwa nyumba ndefu ya mawe na mbao, yenye paa la mabati, iliyojengwa pale miti inapoishia. Chini yake kulikuwa na msitu wa mianzi. Juu yake kulikuwa na majani marefu yaliyoota mafungu mafungu kama vichwa ambavyo havijachanwa, kisha mawe, kisha wingu. Wapanda mlima walilala kwetu usiku mmoja wakipanda na mwingine wakishuka. Hakukuwa na barabara. Kila kitu, kuanzia unga hadi vioo vya madirisha, kilifika juu ya mgongo wa mtu.

Mimi nilifikishwa huko na udadisi. Nilizaliwa Lindi, Kibera, kwenye chumba cha kupanga, na shule niliiacha darasa la saba. Tangu nianze kujitegemea sijawahi kukaa kazi moja mpaka mwaka uishe. Nimebeba mboga kutoka mashamba ya Silanga, nimekoroga simiti kwenye magorofa ya serikali pale Soweto East, nimeuza viatu vya mitumba Kawangware. Huko Kawangware ndiko nilikosikia kwamba kuna mtu anatafuta wafanyakazi wa kwenda kukaa mahali penye barafu. Wenzangu walicheka. Mimi niliuliza gari linatoka saa ngapi.

Mwenye loji alipenda kuajiri watu wa Nairobi. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuona haya: wenyeji wa mlimani kila Jumamosi wanashuka kwao, lakini mtu wa Kibera atashuka aende wapi?

Mvua za vuli zilipoanza, wageni walipungua mpaka wakaisha. Waongozaji, ambao ndio wenyeji wenyewe, walishuka kupanda viazi. Mwenye loji akabaki zake mjini. Tukasalia watatu: mimi, mpishi, na mama mmoja wa Kawangware aliyetunza vyumba, mtu wa maneno mengi ambaye nilimwita anti. Mpishi alikuwa Mnubi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, taratibu katika kila kitu. Wageni walikuwa wakimsifu kwa chapati zake za maji nyembamba, ambazo kwao huitwa gurusa, naye alikuwa akiwaachia waziite wanavyotaka.

Siku zilifanana. Asubuhi tulipata kijua kidogo, cha kuonyeshwa tu. Kabla chai haijaisha, ukungu ulikuwa umepanda kutoka kwenye mianzi kama moshi wa jalala, ukaingia mlangoni na kukaa nasi ndani. Magodoro yalinuka. Chumvi iligeuka maji kwenye kopo. Kiberiti ulikiweka kwapani ndipo kiwake. Nilipasua kuni, nikazibua mtaro, nikateka maji, nikarudi kupasua kuni. Vidole vilipasuka na havikupona. Anti alikohoa tangu kuamka hadi kulala, na kila nikimwambia ashuke akatibiwe alinijibu kwamba kikohozi chake ni cha Kawangware, kimezoea shida. Ilipofika alasiri hakuna aliyekuwa na la kusema. Kuna siku nilizunguka nyumba mara kadhaa nikitafuta kitu chochote kilichobadilika tangu jana yake, na sikukiona.

Kitu pekee kilichobadilika kilikuwa mlio wa paa. Sote watatu tulikulia chini ya mabati, na mtu wa mabati haangalii mvua, anaisikiliza. Manyunyu yanasikika kama mchele unaopepetwa. Mvua ya kuingia ndani unaijua kabla haijaingia: unainua godoro, unasogeza karai chini ya tundu, unatuma mtu akafungue mtaro. Mabati yakinyamaza unatoka nje kuendelea na shughuli zako. Hatukuwahi kufundishwa. Tulikuwa tunajua tu, kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni gizani.

Simu zilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya banda la kuni. Tuliliita ofisi. Kila siku baada ya swala ya alasiri mpishi alipanda ofisini kumsalimu mama yake, ajuza aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu huko Makina, Kibera. Tulimsikia akicheka peke yake kwenye ukungu. Siku hiyo hatukusikia kicheko. Alishuka polepole, akaingia jikoni, akafunika sufuria iliyokuwa tayari imefunikwa.

"Mama ametangulia," alisema.

Anti aliweka chini shuka alilokuwa anakunja. "Pole, mzee. Pole sana, baba."

Mimi nilikua katikati ya Wanubi, kwa hiyo swali langu lilikuwa moja. Kwetu maiti hulala mochari mpaka michango ipatikane na basi la kwenda kuzika kwa mababu kule ziwani likodishwe, hata wiki mbili. Kwao mtu akifa asubuhi, jioni yuko kaburini. "Wanazika lini?" nikauliza.

"Ilikuwa iwe leo. Mdogo wangu amewaomba wanisubiri. Kesho baada ya alasiri. Zaidi ya hapo imamu amekataa."

"Lazima uwepo?"

Anti alinikata jicho, lakini mpishi hakukasirika. Alikuwa amezoea maswali yangu. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Mimi ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Baba nilimpokea mimi. Mdogo wangu ana mgongo mbovu, hawezi kuinama hata kufunga kiatu. Hakuna mwingine."

Alitaka kuondoka pale pale. Nilisema nitamsindikiza, kwa sababu njia ya msituni si ya mtu mmoja, na kwa sababu, nikisema kweli, nilikuwa nimechoka kuuona ule ukuta wa jikoni. Tulitafuta tochi, tukafunga mikoba. Kabla hatujamaliza, mvua ikashuka. Haikuanza na manyunyu. Ilianguka yote kwa pamoja, mabati yakanguruma mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Chini kidogo ya loji kuna kijito ambacho njia inakivuka juu ya magogo, na katika mvua kama ile magogo hayo huzama. Mpishi alikaa kwenye kibao na mkoba wake magotini, akitazama dari.

Tulipokuwa tunakula, mlio ukapungua. Ukawa kama mchele. Kisha ukawa punje moja moja. Kisha kimya.

"Imekatika!" Anti alipiga makofi. "Si niliwaambia? Mvua ya huku ni kama watu wa Kibera, kelele nyingi, kazi hakuna."

"Na kikohozi chako je?" nikamuuliza. "Hicho nacho ni cha wapi?"

Hata mpishi alitabasamu. Alisimama, akainua kiganja kuelekea kwenye mabati kana kwamba anayapima homa, akasikiliza kwa muda mrefu. "Hata tone," alisema. "Alhamdulillahi."

Hapo ndipo tulipokata shauri. Kwa kuwa mvua imekwisha, hakuna haja ya kuteleza gizani na tochi. Kijito kitapungua usiku. Tutatoka kukipambazuka, tutembee bila kukaa, tufike getini kabla jua halijapanda sana, tupate gari, na saa ya alasiri itukute Makina. Ilikuwa hesabu ya kubana lakini ilikubali. Hakuna aliyefungua mlango kuhakikisha. Ufungue wa nini, uingize baridi, na paa limeshakwambia?

Tulilala. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko siku zote, na nakumbuka nikikifurahia.

Asubuhi mlango uligoma. Nilifikiri mbao zimevimba kwa unyevu, nikausukuma kwa bega, ukafunguka kwa kusukuma kitu mbele yake. Nje kulikuwa kweupe. Mawe, banda la kuni, majani, ngazi, vyote vilikuwa na umbo moja. Vitu vyepesi vilikuwa bado vinashuka kutoka angani bila haraka na bila sauti.

"Mungu wangu," anti alisema nyuma yangu. "Ni majivu? Kuna kitu kinaungua?"

Mpishi alipita katikati yetu, akainama, akakishika. Akanusa vidole. "Ni barafu," alisema. Kisha akageuka akatazama paa, na sote tukatazama. Juu ya mabati kulikuwa na tabaka nene, laini kama godoro jipya. Ilikuwa imeshuka usiku mzima juu ya vichwa vyetu huku sisi tumelala tukimshukuru Mungu kwa kuikata mvua. Tungeondoka jioni ile, hata kwenye mvua, njia ingekuwa bado inaonekana.

Nilikuwa nimekuja mlimani kuiona barafu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, kileleni, wingu likifunguka. Sasa nilitamani iwe kitu kingine chochote.

"Twende," mpishi alisema.

Njia ile ina mawe yaliyopakwa rangi ili mtu asipotee. Yamepakwa nyeupe, ionekane vizuri kwenye ukungu. Tulitembea tukiyatafuta mawe meupe ndani ya weupe, tukiwa na gambuti miguuni na mifuko ya plastiki tuliyovaa mikononi kama glavu. Mafungu ya majani yalikuwa yamefunikwa, na katikati yake kuna tope lisiloganda. Ukikanyaga fungu unateleza, ukikanyaga katikati unazama hadi gotini. Mpishi alizama, akavuta mguu, gambuti ikabaki. Tuliifukua kwa mikono. Alikung'uta tope, akavaa, akaendelea.

Kijito tulikisikia kabla ya kukiona, tukafurahi, tukakifuata. Lakini hakikuwa kile cha magogo. Tulikifuata mpaka kikajitupa kwenye genge na kupotea ndani ya wingu, nasi tukabaki tumesimama ukingoni kama watu waliofika kituo kisicho chao.

"Turudi juu," nikasema. "Tufuate nyayo zetu."

Tuligeuka. Nyayo zilikuwa zimeanza kujaa.

Kule kupanda tena ndiko kulikotumaliza. Pumzi haikutosha. Kila baada ya hatua chache nilisimama na mikono magotini. "Mzee, tupumzike kidogo."

"Pumzika wewe. Yeye anasubiri."

Baadaye, labda kwa kuona nimenyamaza mno, alisema, "Najua una swali. Uliza."

"Kaburini mnashuka wangapi?"

"Watatu. Mmoja anashika kichwa, mmoja kiuno, mmoja miguu. Mtoto ndiye kichwa." Alivuta pumzi. "Unamlaza ubavu wa kulia. Unamfungulia kamba za sanda. Halafu unamwekea udongo kidogo chini ya shavu. Ukishamaliza hapo unajua umemfikisha."

Niliondoa mikono magotini, nikamfuata.

Tulipata jiwe lenye rangi kwa kujikwaa juu yake. Kutoka hapo tukashika njia, tukavuka magogo kwa kutambaa, tukaingia kwenye mianzi. Huko chini barafu iligeuka mvua ya kawaida, ikigonga majani kwa kelele, nayo njia ilikuwa tope tupu. Tulianguka zaidi kuliko tulivyotembea. Mchana ulikuwa umepita. Mpishi aliacha kutazama simu yake.

Tulipofika getini, simu ililia ndani ya mkoba, ujumbe juu ya ujumbe, wote ulioshindwa kupanda mlima. Vidole vyake havikuweza kubonyeza. Nilimpigia mdogo wake, nikamshikia simu sikioni, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Uko wapi?"

"Getini."

"Geti gani? La makaburi?"

"La mlima."

 Nilisikia mvua ya Kibera ikipiga kitu, turubai labda, na sauti za wanaume wengi.

"Kaka, watu wamesimama safu. Jeneza liko mbele."

"Waambie kidogo tu..."

"Kidogo gani? Uko mlimani!"

"Kulianguka barafu. Njia ilifunikwa."

"Kulianguka nini?"

"Barafu."

"Hapa mvua inanyesha tangu jana," mdogo wake alisema, "na watu wote wamekuja." Akakata.

Mpishi aliendelea kusimama na kichwa amekiinamisha kwenye simu, nami nikaendelea kumshikia, kwa sababu sikujua nikiitoa ataweka wapi uso.

Hakukuwa tena na cha kukimbilia. Askari wa geti alituruhusu tulale kwenye kibanda chake penye moto, na lori la kabichi likatushusha Kawangware asubuhi iliyofuata. Soko lilikuwa limechangamka. Vijana waliniita, "Niaje, mtu wa barafu! Umetuletea?" Kwa kawaida ningejibu. Tulipita, tukakata kwa miguu hadi Kibera, na tope la mlimani likakutana na tope la nyumbani kwenye gambuti zetu.

Nyumbani kwao Makina turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, wanawake wako kwenye mikeka, wanaume kwenye viti na vikombe vya kahawa ya tangawizi. Walimpokea vizuri. Walimshika mkono mmoja mmoja wakimwombea mama yake. Lakini maelezo yake hayakupata pa kukaa.

"Barafu?" shangazi yake aliuliza. "Hii ya friji?"

"Ya mbinguni, shangazi. Ilifika miguuni."

"Kenya hii?" Mtu mmoja kwenye mkeka alicheka kwa pua. Mwingine akanong'ona, na hakunong'ona sana, kwamba si angesema tu alinyimwa ruhusa kazini.

Nilijitolea kuwa shahidi. "Ni kweli. Mimi nilikuwepo. Ilifika hapa," nikaonyesha muundi wangu. Walitazama mguu wangu na lile tope.

"Na usiku hamkuisikia ikinyesha?" mzee mmoja akauliza, kwa upole.

"Haina sauti, mzee."

"Haina sauti," alirudia. Akanywa kahawa yake, akaanza kuzungumza na jirani yake mambo mengine.

Mdogo wake mpishi alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, mto nyuma ya kiuno, amenyooka kama ubao. Hakuinuka. Mpishi aliinama akamkumbatia na yule akaacha akumbatiwe.

"Nilishuka mwenyewe," mdogo mtu alisema. "Na huu mgongo. Watu wawili walinivuta kunitoa."

Mpishi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa na midomo iliyopasuka kwa baridi na macho mekundu, na hakujitetea tena, wala siku hiyo wala, nijuavyo mimi, siku nyingine.

Tulikwenda makaburini watatu. Mdogo mtu alisema atatuonyesha mahali, na alitembea nyuma yetu kidogo kidogo, mkono kiunoni. Mvua ilikuwa imepumzika. Makaburi mapya yalikuwa machache na tulilijua lile mara moja, kwa sababu lilikuwa limedidimia. Udongo wa Kibera ukichimbwa katika mvua unajazwa na maji, ukikaa usiku mmoja unashuka. Katikati kulikuwa na shimo dogo la maji yenye rangi ya chai.

Mpishi alivua gambuti, akasimama peke yake, akamswalia mama yake. Mimi nilisimama kando na kofia mkononi. Sijui kuomba kwa namna yao, na namna yetu nimeisahau. Alipomaliza alitazama lile shimo la maji kwa muda, kisha akaenda kwa mlinzi wa makaburi, akarudi na jembe na karai.

Kulikuwa na udongo uliobaki kando ya ukuta wa makaburi. Alijaza karai, akalibeba kifuani, akamwaga kichwani mwa kaburi, akausambaza kwa viganja. Nilishika jembe nimsaidie, akanitazama, nikaliacha. Alileta la pili, akamwaga katikati, maji yakafunikwa. Alifanya kazi kama alivyopika, bila haraka, akivunja kila bonge kwa vidole vyake vilivyovimba. Aliporudi na la tatu, mdogo wake alikuwa amesogea.

"Basi, kaka."

"Bado upande wa miguu."

Mdogo mtu alishika kiuno kwa mkono mmoja. Akaanza kuinama, taratibu, akiuma meno, mpaka goti moja likagusa tope. Akatanua kiganja, kidole cha mwisho chini, dole gumba juu, akakisimamisha ubavuni mwa kaburi. Dole gumba lilikuwa sawa na udongo.

"Shibiri," alisema. "Kaburi haliinuki zaidi ya hapa. Unajua."

"Hili moja tu."

"Limetosha."

"Sikumwekea kitu mimi. Hata kidogo."

"Limetosha, kaka." Sasa alikuwa analia, na alishindwa kusimama. Nilimshika kwapani nikamwinua.

Mpishi alibaki pale, karai limeegemea tumboni mwake, maji ya udongo yakichuruzika kwenye kanzu aliyoazimwa. Alitazama kaburi kutoka kichwani hadi miguuni, akitafuta mahali palipopungua. Hapakuwepo. Kisha akageuka, akarudi ukutani, akamwaga udongo pale pale alipouchota, akapiga magoti na kuusawazisha kwa kiganja.